Shati la Baba Kalondu

Mpendwa Bi Mwanamisi, naomba unishike mkono. Mume wangu, Baba Kalondu, ni askari katika kambi moja upande wa Thika, tumepanga chumba hapa Mwihoko, na mlango wa pili anakaa rafiki yake wa kazini, nitamwita Ndegwa, na mkewe Shiko ambaye ana mimba ya kwanza. Majuzi jina la mume wangu lilitoka kati ya wanaoenda Yugoslavia kulinda amani, lakini lazima upimwe damu kwanza huko Nairobi na ukipatikana na virusi vya Ukimwi huendi, basi yeye akaogopa, akamwomba Ndegwa aende badala yake, kwa sababu Ndegwa ni mtu wa kanisa, hanywi, hatembei ovyo, na huko hawajui sura za watu, wanaangalia tu jina kwenye shati na namba ya kazi. Shati nilipiga pasi mimi. Ndegwa akalivaa, akatolewa damu, aliporudi tukamchinjia kuku.

Majibu yakatoka, mume wangu akaitwa akaambiwa ana virusi na safari hakuna. Alifika nyumbani akasema, "Mama Kalondu, usilie, hiyo damu ni ya Ndegwa, mimi niko sawa." Ndegwa naye akadanganywa eti mwenzake amekataliwa kwa sababu ya presha. Mume wangu amenikataza kusema, maana wote wawili watashtakiwa na kufukuzwa jeshini, na kila siku Shiko ananionyesha sweta anayomfumia mtoto na siwezi kumtazama usoni. Niseme ama ninyamaze?

Mama Kalondu (si jina langu), Mwihoko

Mama Kalondu, pole, lakini umenikasirisha. Mtoto yuko njiani na nyinyi mnalinda mshahara. Ndegwa aliwasaidia, na asante yake ni kufichwa ugonjwa wake mwenyewe.

Usianze na Shiko. Aliyetoa shati ndiye atakayesema, na amwambie Ndegwa wiki hii, wakiwa wawili. Akikataa, mwambie Ndegwa wewe. Kisha Ndegwa na mkewe waende hospitali ya raia, kwa majina yao, kipimo kirudiwe, na Shiko amuulize daktari kuhusu kujifungua na kunyonyesha. Dawa ya kuponya hakuna, sitakudanganya. Lakini huenda Shiko bado hajaambukizwa, na kila siku mnayonyamaza mnamweka hatarini. Jeshi likiwaadhibu hao wanaume, waadhibiwe.

Sasa nikuulize. Barua nzima umemlilia Shiko, hujajililia. Mtu asiye na wasiwasi na damu yake anaenda kuitoa mwenyewe. Mume wako aliogopa nini? Anakuambia yuko sawa, na kati ya hao wawili ni yeye ambaye hajapimwa. Mpaka apimwe, akiwa ndani ya shati lake mwenyewe, hakuna kulala naye bila mpira. Na siku Shiko atakapoenda hospitali, mama, panga foleni nyuma yake.