Barabara ya Asubuhi

Baraka, Territoire ya Fizi
Tarehe 16 Machi 2024

Mpendwa dada yangu, Yaya Godelieve,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Habari ya Lubumbashi? Shemeji Eddy amepona ile malaria? Watoto wanasoma vizuri? Sisi tuko wazima. Mama yetu bado anakohoa kidogo asubuhi, lakini juzi alinigombeza kwa sauti kubwa kweli, nikajua mapafu yake hayana shida.

Uliniuliza kwenye simu habari ya mguu wangu, mtandao ukakatika kabla sijajibu. Nakuandikia yote mwenyewe, usije ukayasikia kwa wambeya.

Unajua mimi na mwalimu mwenzangu Ketsia hukimbia kila alfajiri kabla ya shule, kwenye barabara inayopanda kwenda Fizi. Sitafuti ushindi. Ni raha yangu tu, dakika arobaini ambazo hakuna anayeniita mama wala mwalimu. Nikikaribia nyumbani hujifunga kitenge juu ya suruali ya kukimbilia, maana baba mkwe wangu, baba yake Bertin, hupita barabara hiyohiyo akienda shambani. Kwetu, mke wa mtoto hapiti mbele ya baba mkwe na suruali inayobana mapaja. Basi Agosti iliyopita nilikisahau kitenge. Kwenye kona nikamwona huyo anakuja, jembe begani. Hata sikufikiri, nikarukia mtaroni.

Cheka sasa umalize. Nilisikia kifundo cha mguu kikilia kama kuni kavu. Nikajibana humo humo, nauma kola ya shati nisipige kelele. Kumbe mzee alikuwa ameniona nikiruka. Lakini kwa heshima yake akageuza uso upande wa ziwa, akapita polepole akikohoa, ili nijue kwamba hakuona kitu. Yeye ananisitiri, mimi namheshimu, na mguu unazidi kuvimba. Ketsia, aliyekuwa ametangulia, ndiye aliyerudi kunitoa.

Jirani yetu Rosette aliukanda kwa maji moto na mawese siku nne, ukawa kama boga. Ndipo Bertin akanipeleka kwa Norbert, yule anayenyoosha viungo hospitalini. Alinishika mguu, akatikisa kichwa: “Mama Arlette, mufupa haiko na shida. Kamba za muguu ndizo zimekatika. Ukiharakisha, utachechemea mpaka uzee.”

Baba mkwe alipojua kwamba alinipita nikiwa nimeumia, hakula siku nzima. Kisha akamtuma Bertin aniambie niache mbio kabisa, kwa sababu hataki wajukuu wake wawe na mama kilema. Bertin akawa upande wa baba yake, na shangazi zake wote pia. Nilikasirika, Yaya, sikufichi. Nikasema mbele yao wote kwamba nitaingia katika mbio za wanawake za mwezi wa tatu, zile za sherehe ya tarehe nane, Siku ya Wanawake, kilomita tano kwenda na tano kurudi. Nisipofika mwisho kwa miguu yangu mwenyewe, viatu nitavigawa na habari ya mbio itaishia hapo.

Kuanzia siku hiyo nikawa mkaidi. Nilipiga mswaki nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. Nilipanda na kushuka kizingiti cha mlango mara sitini asubuhi na sitini jioni. Hata ubaoni niliandika kwa mguu mmoja, mpaka wanafunzi wangu wa darasa la tatu wakaanza kujibu maswali hivyohivyo, na direkta wa shule akaniita bureau, ofisini kwake, nijieleze. Januari nikaanza kukimbia taratibu kwenye mchanga wa ziwa, dakika mbili, baadaye nne, baadaye kumi. Kuna siku nilirudi nikichechemea, nikajifungia chooni nikalia. Kesho yake natoka tena.

Mbio zilikuwa Jumamosi iliyopita, kesho yake ya sherehe. Kwenda nilikwenda vizuri. Tulipokwisha kugeuka, kufika kilomita ya saba, kifundo kikaanza kuuma. Ketsia alitaka kubaki nami, nikamfukuza. Nikawa nahesabu miti ya umeme, naahidi kusimama kwenye ule unaofuata, na nikiufikia naahidi mwingine.

Karibu na soko ndipo nilipomwona baba mkwe, amesimama mbele kabisa kando ya barabara, na koti lake la kanisani. Miguu ilitaka kusimama yenyewe. Suruali ileile, kitenge sina, na watu wamejaa pande zote. Nikajiambia leo siruki. Hatua kumi kabla sijamfikia, mzee akageuka taratibu, akanipa mgongo, mikono nyuma, akawa anatazama ukuta wa duka kama mtu anayesoma tangazo. Wanawake waliokuwa karibu naye wakamcheka. Hakugeuka mpaka nilipopita.

Nilifika wa arobaini na tatu kati ya hamsini na mmoja. Tuliofika wote tulipewa mche wa sabuni. Wangu sijafulia, umekaa juu ya kabati ili shangazi zake Bertin wauone.

Jumapili baada ya ibada mzee alikuja nyumbani. Nilikuwa nimeketi pale pale, lakini hakunisemesha mimi. “Bertin, ambia bibi yako, ile barabara ya asubuhi ni yake. Mi nitapitaka mu njia ya mashamba. Asirukake tena mu shimo sababu ya mi.”

Njia ya mashamba inazunguka, inaongeza karibu saa nzima, na yeye ana miaka sabini na miwili. Nilitaka kukataa. Bertin akanikonyeza, nikaenda kumletea baba yake maji ya kunawa.

Jumatano, mguu ulipotulia, nilitoka saa kumi na moja na nusu. Barabara ilikuwa tupu, nikakimbia katikati yake. Kule juu, panapoanza mlima, niligeuka nikaona kofia yake mbali sana, inapita polepole juu ya mihogo. Nililia, Yaya, lakini sikupunguza mwendo.

Nisalimie shemeji Eddy, na watoto, Nadège na Vainqueur. Bertin na Ketsia wanakusalimu, na mama yetu anasema utume picha. Mungu awafunike ninyi nyote, aifupishe safari ya siku tutakapoonana.

Wako akupendaye, na anayekimbia bado,
Arlette