Mshiko wa Gwakisa

Mjukuu wangu Tumaini,

Ndaga, asante kwa barua yako. Hapa Bujonde hatujambo, bibi yako anavuna mpunga. Unauliza nani alinifundisha kushika fimbo ya gofu.

Ni kitabu kikuukuu cha Kiingereza, alichoniachia mmisionari mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa, zamani za Wajerumani. Mimi na rafiki yangu Gwakisa tulichonga fimbo za mwanzi, tukapiga vipira vya utomvu malishoni. Nilifuata picha, kidole juu ya kidole. Gwakisa alishika kama jembe, na mpira wake ulifika mbali kuliko wangu.

Siku moja akaniuliza, "Wewe unayejua kusoma, kitabu kinasemaje kuhusu mshiko wangu?"

Kitabu kilisema kila mtu ashike vile mikono yake inavyoridhika. Nikamjibu, "Kinasema unakosea."

Akajaribu mshiko wangu, mipira yake ikawa inapinda. Haukupita muda akaiweka fimbo chini, akasema mchezo huu ni wa waliosoma.

Tulilima pamoja misimu miwili baada ya hapo, na kila siku nilijiambia nitamweleza kesho. Kisha vita vikaja, akachukuliwa kubeba mizigo, hakurudi.

Babu yako,
Asajile