Dina Si Mfugaji

Majimoto, Mpimbwe
9 Juni 2024

Mdogo wangu Krispini,

Habari za Dodoma? Sisi huku wazima, Mungu anatusaidia. Mama yupo Nsemulwa, mguu umepungua kuvimba na anakusalimia. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu meseji zangu unazisoma halafu unanyamaza. Barua hii nimemkabidhi dereva wa basi mkononi, kwa hiyo usije ukaniambia haikufika.

Salamu zimeisha. Sasa niambie, una wazimu?

Jana nimepokea barua ya hilo Shirikisho lenu la Vilabu vya Michezo ya Kuigiza. Inasema klabu yetu ya shule imefungiwa na haiendi mashindano ya taifa mwezi ujao, kwa sababu "mtoto wa jamii ya wafugaji, Dina Richard," ameonekana kwenye video akichochea chuki dhidi ya wakulima. Dina! Mtoto wa wafugaji! Baba yake Richard hana hata mbuzi. Ana majaruba mawili ya mpunga, na mwaka juzi ng'ombe waliyamaliza yote, akabaki analia barabarani mtu mzima.

Aliyesema "ng'ombe wangu watakula huo mpunga na hamtanifanya kitu" si Dina, ni mfugaji anayeigizwa na Dina. Sheria yetu ya kwanza ni hiyo: mtoto wa mkulima anacheza mfugaji, mtoto wa mfugaji anacheza mkulima. Nani alituletea sheria hiyo? Wewe, ulipokuja likizo. Nani alimpa Dina fimbo akamwambia, "Leo wewe una ng'ombe mia"? Wewe huyo huyo. Halafu chini ya barua nakuta sahihi yako. Shirikisho zima la michezo ya kuigiza, hakuna hata mmoja anayejua kuigiza ni nini?

Nataka barua hiyo ifutwe kabla ya mashindano.

Dada yako,
Verdiana


Dodoma
20 Juni 2024

Dada Verdiana, shikamoo.

Natumaini mnaendelea vizuri na mguu wa mama unazidi kupona. Mwambie nitampigia Jumapili. Mimi niko salama, kazi tu imenielemea.

Dada, punguza hasira unisikilize. Ile video mtu aliikata, akaacha yale maneno tu, ikazunguka nchi nzima. Huku hakuna anayejua sheria zenu za Majimoto. Wafadhili walipiga simu, mwenyekiti akataka vilabu vyote vya Katavi vifungiwe, hadi cha Kasokola. Mimi ndiye niliyepigania iwe klabu moja. Barua aliandika mtu mwingine, mimi nilisaini tu kama mratibu wa kanda. Ningekataa, angesaini mwingine na mimi ningekuwa nyumbani. Wewe mwalimu una ajira ya serikali. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja.

Njia ipo. Dina aandike ukurasa mmoja wa kuomba radhi, wewe kama mlezi wa klabu usaini, mtarudishwa. Ni maneno tu, dada. Nakuomba usilikuze hili jambo.

Mdogo wako,
Krispini


Majimoto
3 Julai 2024

Krispini,

Marahaba. Sisi wazima, wewe sijui.

Aombe radhi kwa nani? Kwa baba yake? "Ni maneno tu." Kumbe ni maneno tu! Basi mbona ya Dina yametufungia klabu?

Nakala ya barua yenu mlimpelekea mtendaji wa kata, naye akaisoma kwenye mkutano wa kijiji. Mzee Machibya, mfugaji, baba yake Doto, akasimama na kuuliza: kumbe watoto wetu tunawapeleka huko wakafundishwe kwamba sisi wafugaji ni wavamizi? Richard akamjibu kwamba binti yake ameitwa mchochezi mbele ya kijiji kizima kwa sababu ya kujifanya nyie. Hawa watu walikuwa wanapanda pikipiki moja kwenda mnadani, kwa sababu watoto wao wamepatana kwenye klabu. Sasa hawasalimiani. Dina kakatazwa kuja, Doto kakatazwa. Juzi nimefungua darasa nikakaa na watoto watatu, tunatazamana.

Mvua zikianza, ng'ombe na mpunga vitakutana tena hapa, wewe unajua. Na safari hii watu watashika mapanga, hawatashika simu za kurekodi video.

Usiniandikie tena habari za radhi. Panda basi uje, usimame mbele ya Dina, umwambie kwa mdomo wako kwamba hukujua ni yeye.

Verdiana


Dodoma
12 Agosti 2024

Dada Verdiana, shikamoo.

Habari za siku nyingi? Nimechelewa kujibu, mashindano yalinimaliza. Poleni kwa yaliyotokea. Sikujua kuwa nakala ilienda kwa mtendaji.

Nina habari njema. Mchezo wenu umechezwa jukwaani. Uongozi uliona ni vibaya ukose kabisa, wakawapa vijana wa klabu moja ya Dar es Salaam. Walivalishwa vizuri, mashuka na fimbo, ukumbi wote ukasimama. Ile sheria ya kubadilishana haikutumika maana kule hakuna mkulima wala mfugaji, lakini ulipendeza. Sasa Shirikisho linataka kuuweka kwenye kitabu cha taifa. Wanahitaji ridhaa ya klabu tu. Mkikubali, mnafunguliwa siku hiyo hiyo, bila radhi. Nimepambana sana kufika hapa, dada. Mara hii angalau nishukuru.

Mdogo wako,
Krispini


Majimoto
1 Septemba 2024

Mdogo wangu Krispini,

Marahaba. Mama kapona, anatembea mwenyewe mpaka kanisani.

Ridhaa hampati. Mchezo ni wa watoto, kwa hiyo nilipita nyumba kwa nyumba kuwauliza. Richard aliposikia mmeuvalisha mashuka na kuupigia makofi, alitoa tusi nisiloliandika hapa. Machibya alitoa hilo hilo kwa Kisukuma. Ndiyo mara ya kwanza wamekubaliana tangu mkutano ule, na Jumamosi wakawaruhusu watoto waje. Klabu iko wazi. Nyie endeleeni kuifungia huko kwenye makaratasi.

Watoto wakasema hawataki mchezo wa mpunga, wanataka kuicheza barua yenu. Tukagawana: mtendaji, mwenyekiti, mfadhili wa kwenye simu. Doto akawa Dina. Watoto hawa, Krispini, wameshakuwa wezi wa ng'ombe, wameshakuwa askari wanaopiga watu, hakuna aliyewahi kukataa. Nilipouliza nani atakuwa wewe, hakuna aliyeinua mkono. Nikamwomba Dina. Akasema, "Mwalimu, huyo siwezi."

Basi nikawa wewe mimi, kwa kuwa ni damu yangu. Nikakaa kwenye kiti na kalamu mkononi. Doto akasimama mbele yangu, akauliza, "Kaka Krispini, ulipoona jina langu, hukunikumbuka?"

Nilikutafutia jibu, mdogo wangu. Pamoja na hasira zote hizi nilizonazo juu yako, nilitaka uwe na jibu, maana watoto walikuwa wananitazama. Sikulipata. Nililia mbele ya wanafunzi wangu.

Jumamosi tunacheza tena, na kiti chako bado ni changu. Niandikie niseme nini.

Dada yako,
Verdiana