Poste ya Mama Ngosa

Lubumbashi, Naviundu
Tarehe 17 février 1998

Kwa Yaya Ngosa, ku Kasenga

Mupendwa Yaya, dada yangu mukubwa,

Mbele ya kukuuliza habari ya mwili, acha niseme yenye inanichoma: nilikukosea. Nilikukosea mubaya, na weye hauyue bado. Sasa ikala chini, tusalimiane kwanza kama bantu ya nyumba moja.

Jambo yako, Yaya. Jambo ya mulamu Léonard, bwana yako. Mugongo iliacha kumuluma? Samaki inatoka muzuri mu Luapula? Kwetu tuko bazima. Muke wangu Céline alikuwa na malaria, alipona. Ile samaki ya kukauka ulitumaka na Mulenga mu camion yake, tulikula mupaka na mifupa.

Tangu serikali ya zamani ilianguka mwaka jana, kazi haikurudi. Mushahara tunaisikia tu kama hadisi. Basoda benye kukimbia baliacha bunduki fasi yote, na bezi balianza kupita mu avenyu yetu kila wiki. Mama Alima, ule jirani wa mikate, balimubebea mulango muzima, na mbao zake za pembeni.

Lakini sikia hii: sasa tunasikilizana na polisi. Unayua vile tulizoea, kuona uniforme ni kuficha kuku. Sasa iko komanda mupya, Kakule, muntu wa Butembo, Swahili yake inatuchekesha na yetu inamuchekesha. Alikuya pa mukutano ya avenyu nyuma ya misa, bila bunduki. Mama Alima akamuuliza mbele ya bantu bote:

— Komanda, mulango yangu iko kwa bezi ao iko kwenu? Nataka tu kuyua nibishe hodi wapi.

Komanda akacheka mupaka kofia ikaanguka.

— Mama, munipe fasi ya kuikala karibu, ile mulango mupya nitaichunga miye mwenyewe.

Basi akaomba vitu mbili: tukate mahindi ya pa njia, juu bezi banajificha mule, na tujenge kaposte kadogo ya polisi. Bantu balinunguna sana. Mahindi njo bukari yetu, ugali ya kila siku, na hii mwaka hatuna ingine. Kisha balikubali kukata mahindi ya parsele moja tu, ya pa kona. Na pa kona, Yaya, ziko mbili zinaangaliana: yako, na yangu ya mbele ya nyumba. Mahindi yangu ilikuwa mirefu kupita yako, niliitilia mbolea.

Nikasimama. Nikasema Yaya Ngosa alisha kuniambia harudi tena, anaachia avenyu parsele yake, mukate ya kwake.

Hapo njo kosa yangu. Weye ulitoka ku Kasenga mu novembre na jembe yako, ukapanda mikono yako mwenyewe, ukaniambia: chunga hii, njo yenye nitarudilia mu avril. Njaa ilinitisha, ni kweli. Lakini njaa yako nayo iko njaa.

Bantu balipiga makofi. Polisi balivua makoti, tukakata pamoja, bamama banaimba. Saa sita ya muchana kona ilikuwa wazi. Na siwezi kukudanganya mara mbili: ilisaidia. Tangu ile siku hakuna nyumba yenye iliibiwa. Tulipoanza kuzunguka na polisi, mushitakiwa wa kwanza tulishika alikuwa mbuzi ya Mama Alima. Komanda alimwambia akuye kumutoa na kitambulisho, ya mbuzi.

Nilicheka na benzangu. Kisha, siku ya yenga yenye ilipita, nyuma ya misa, komanda akaleta manjanja, ile mabati ya kufunika paa. Akasema poste itasimama mu parsele yako, na lundi tarehe 23 bataandikisha ile parsele ku ofisi ya komini kama mali ya avenyu. Poste itaitwa Poste Mama Ngosa. Katekista akakuombea maisha marefu. Bote bakasema amina. Na miye nikasema amina, tena kwa sauti.

Céline peke yake njo anayua. Ananichomea mahindi yangu, anaiweka mbele yangu, yeye hagusi hata mbegu. Anasema, «Kula, Papa, iko na mbolea», halafu anaenda kuikala inje. Sijaona chakula yenye inakuwa nguvu kumeza kama ile.

Ninakuandikia leo juu Mulenga anaondoka kesho, na bamama ya samaki benye banapanda naye batakuya kukushukuru juu ya zawadi yako. Nilitaka usikie kwangu mbele ya kusikia kwao.

Salimia mulamu Léonard, salimia mutoto yako Deborah na kadogo kake, umwambie Mama Mukubwa kama kitambaa yenye alituma ilifika. Mungu akuchunge ku mayi na ku inchi kavu, na mukono yake isichoke juu yenu.

Na miye, samedi tarehe 21, pa kazi ya avenyu, nitasimama mbele ya komanda na Mama Alima na bote. Nitasema: parsele iko na mwenyewe, hakuiachia muntu, miye njo nilidanganya. Mama Alima hataninyamazia mupaka Pasaka, nayua. Kisha nitashika panga na kukata mahindi yangu miye mwenyewe. Yenye imekomaa, yote iko yako, Mulenga atakuletea mu mifuko. Poste itajengwa mu kona ya parsele yangu, ile samedi tutaweka tofali ya kwanza. Jina nitaomba babakishe yako. Kila asubui nikifungua mulango, nitaisoma mbele ya kunawa uso.

Mudogo wako mwenye anakupenda, hata kama hii mwezi haikuonekana,

Mumba Emery