Kijana Aliyekataa Chai ya Matanga

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo cha polisi, Tongaren, Kaunti ya Bungoma
Tarehe 17 Juni 2024, saa kumi jioni

Jina: Phelista Nekoye, mjane wa marehemu Wakoli
Umri: Miaka 61
Kazi: Kuuza chai na mandazi
Makao: Kibomet, Kitale. Nyumbani kwa marehemu ni Tongaren
Dini: Mkristo, Kanisa la Friends

Jina langu ni hilo lililoandikwa hapo juu na akili zangu ni timamu, ingawa shemeji yangu, Zachary Wabwile, amewaambia kwamba huzuni imenivuruga. Huzuni ninayo. Haijanivuruga. Nimekuja hapa kwa bodaboda, peke yangu, kabla ya kunyolewa nywele za matanga, na nyumbani wananingoja na wembe. Kwa hiyo namwomba afande aandike, asinipe pole kila baada ya sentensi.

Nimekuja kusema juu ya yule kijana Mmarekani aliyeketi kwenye benchi hapo nje pamoja na mwenzake. Zachary ameandikisha kwamba kijana huyo alimpaka mume wangu sumu kichwani, na kwamba ndiyo sababu leo alikataa kunywa chai nyumbani kwetu. Mimi nilikuwepo siku ya mafuta, na leo kwenye chai nilikuwepo pia.

Kijana huyo nilimjua mwezi wa Mei mwaka jana, wakati wa palizi. Alikuja kwenye kibanda changu Kibomet akiwa na mwenzake, wote wawili shati jeupe na tai, na beji nyeusi kifuani. Walisema wao ni wamishenari wa kanisa la Mormoni. Beji yake imeandikwa Elder Thorsen. Mume wangu, ambaye tayari alikuwa amepigwa na kiharusi na upande mmoja haufanyi kazi, aliposikia kwamba Elder ni kama kusema mzee, alicheka mpaka nikaogopa. Alisema, "Mzee gani huyu, hata ndevu hana?" Kijana alikuwa na miaka kumi na tisa. Jina lake la Thorsen lilitushinda, basi mume wangu akamwita Wanyonyi, kwa sababu alitujia wakati wa palizi, na kwetu mtoto wa wakati huo huitwa hivyo.

Siku hiyo ya kwanza niliwapa chai ya maziwa, ya bure. Wakakataa. Nilikasirika sana. Mimi nimelea wasichana wangu wawili kwa chai hiyo mpaka wakaolewa, na polisi wa Kitale hunywa kwangu. Kijana akawa mwekundu hadi masikioni, akasema kanisa lao haliruhusu chai wala kahawa, akauliza kama kuna maji ya moto. Nikamtilia maji ya moto, na kwa kuwa nilimwonea huruma nikaponda tangawizi na kuongeza sukari. Tangu siku hiyo ikawa kila wakipita nawawekea hayo maji. Watu wa Kibomet sasa huja kuniagiza chai ya Wanyonyi, na mimi huwauzia.

Afande ameniuliza walikuwa wakifanya nini hasa kwangu. Walikuwa wakimtoa mume wangu nje aote jua. Wakoli alikuwa mtu mkubwa na mimi peke yangu nilikuwa simwezi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye nyumba za watu huko mtaa wa Tuwan, walipita kwetu, mmoja akashika mabega na mwingine miguu, wakamweka kwenye kiti nyuma ya kibanda. Jioni walimrudisha ndani. Mwaka jana Thorsen alihamishiwa Eldoret, akarudishwa Kitale mwezi wa Januari, na siku aliyorudi alikuja kwetu kwanza akiwa bado na begi mgongoni. Wenzake hubadilishwa. Huyu wa sasa ni Chirwa, kijana wa Zambia, mgeni kabisa huku.

Wana masharti mengi. Hawatembei mmoja mmoja. Hata mmoja akienda chooni, mwingine husimama mahali anapoona mlango. Mimi mwanzoni nilidhani ni askari waliovaa tai. Kunibatiza walijaribu kidogo, nikawaambia mimi ni wa Friends na nitazikwa Friends, wakacheka, wakaendelea kumbeba mume wangu. Naomba hilo liandikwe, kwa sababu Zachary anasema walikuwa wakitafuta waumini.

Jumatatu ndiyo siku yao ya kupumzika. Hufua nguo, hununua vitu sokoni, na jioni kijana humpigia mama yake. Alikuwa akipigia nyuma ya kibanda changu maana hapo mtandao unashika. Mama huyo, kila Jumatatu, kabla ya kukata simu, humwuliza mwanawe swali moja. Mume wangu alilisikia mara nyingi mpaka akataka aelezwe ni nini. Kijana akaona haya, lakini akasema. Mama humwuliza, "Bado uko vile nilivyokutuma?" Naye humjibu kwamba ndiyo. Baada ya hapo Wakoli alikuwa akimtania kila asubuhi akiletwa juani: "Wanyonyi, bado uko vile ulitumwa?" Kijana hujibu, "Bado, Mzee."

Kuhusu mafuta. Jumamosi tarehe 8 mwezi huu, mchana, mume wangu alikuwa amebanwa na kifua siku ya tatu na tulikuwa tunangoja gari la jirani yetu Mbugua limpeleke hospitali. Vijana walikuwepo. Mume wangu ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Wanyonyi, ile mafuta yako ya maombi, si unipake." Kijana aliniangalia mimi kwanza. Nikamwambia ampake. Ana kichupa kidogo kama kidole cha mtoto, hukifunga pamoja na funguo zake. Akatia tone moja utosini, wakaweka mikono wote wawili, akaomba kwa Kiswahili chake kile cha kuvunjika. Mimi nilichukua tone kwa kidole nikaonja, maana napenda kujua kinachoingia nyumbani kwangu. Ni mafuta ya zeituni na ni ya zamani kidogo. Kama ni sumu, basi hata mimi mngenizika Ijumaa pamoja naye.

Mume wangu alifariki hospitalini Jumapili alfajiri. Daktari aliandika nimonia na kibali cha mazishi nimekileta. Vijana walipokuja asubuhi kumtoa nje juani, nilikuwa nimeketi kwenye kile kiti chake. Thorsen aliona kiti, akaketi chini kwenye mchanga na shati lake jeupe, akalia kuliko mimi.

Tulimleta huku nyumbani, tukamzika Ijumaa tarehe 14. Vijana hawakuweza kuja mazishini kwa sababu Tongaren si eneo lao na lazima waombe ruhusa kwa mkubwa wao wa Eldoret. Walipewa ruhusa ya leo Jumatatu, siku yao ya kupumzika, siku ambayo pia ni ya kunyoa nywele.

Walifika kabla ya saa sita. Watu wa ukoo walikuwa wameketi chini ya turubai. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, mlangoni. Nilijua watapewa chai na nilijua hawatakunywa. Kwetu, mtu akikataa chai ya matanga, watu huanza kuulizana anaogopa nini kwenye sufuria. Huwa wanasema muuaji hali kwenye nyumba ya aliyemuua. Kwa hiyo asubuhi nilimwambia Agneta, mke wa Zachary, awatilie vijana maji ya tangawizi kwenye chupa ya chai, awape kimya kimya, hakuna atakayejua ni nini ndani ya kikombe. Nilidhani nimefanya jambo la busara.

Agneta akaitwa jikoni kwenye ugali. Zachary mwenyewe akachukua birika kuwakaribisha wageni, kwa heshima. Alipofika kwa vijana, Chirwa, ambaye hajui desturi za huku, akasema kwa adabu kabisa kwamba asante, wao wamewekewa chupa yao. Akaionyesha.

Zachary akasema, "Ati chupa yao? Kwa nini hawa wako na chupa yao?"

Zachary akamimina chai, akamwekea Thorsen kikombe mkononi, akasema, "Kama mkono wako ni safi, kunywa na sisi."

Kijana akasema, "Siwezi, baba. Nimeahidi."

"Umeahidi nani?"

"Mungu. Na mama yangu."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba si huyu ndiye alimpaka marehemu kitu, akafa kesho yake. Vijana wa boma wakafunga lango. Mmoja akamshika Chirwa kwa tai, akaivuta, na Chirwa akapiga magoti. Mwingine akachomoa funguo za Thorsen mfukoni, akainua kile kichupa juu watu wakione.

Thorsen alimwangalia mwenzake pale chini. Kisha akaniangalia mimi. Kisha akainua kikombe.

Sikuwa na muda wa kufikiri, lakini nataka iandikwe kwamba nilijua ninachokifanya. Kwetu mjane hagusi vyombo vya wageni kabla ya kunyolewa. Ana kikombe chake na sahani yake, na hainuki kwenye mkeka bila kuinuliwa. Mimi niliinuka. Nilipita katikati ya wazee wa ukoo. Nikamtoa kijana kikombe mdomoni kabla hajanywa, nikanywa chai yote, nimesimama, mbele ya watu. Ilikuwa imepoa na sukari ilikuwa kidogo.

Nikamwambia Zachary, "Kama kuna kitu kwenye nyumba hii, sasa kiko ndani yangu. Mwachilie mtoto."

Zachary akasema, "Phelista, umechafua matanga ya ndugu yangu." Alikuwa analia aliposema hivyo. Naibu wa chifu, aliyekuwa amekuja kutupa pole, akapiga simu, na gari lenu likaja kuwachukua vijana wasije wakaumizwa. Zachary akapanda gari hilohilo kuja kuandikisha malalamishi. Mimi nikatafuta bodaboda.

Zachary si mtu mbaya. Alimpenda ndugu yake. Alikuwa huku shambani siku zote za ugonjwa, hakumwona, na sasa anatafuta mtu wa kumshika shati. Simlaumu kwa hilo. Lakini asimshike huyu. Huyu ndiye aliyembeba Wakoli wakati yeye Zachary hakuwepo, na wakati waume wa binti zangu wote wawili hawakuwepo, na hakutaka hata chai.

Afande ameniuliza kama kuna uhusiano wowote kati yangu na mtuhumiwa. Nilimpenda. Mume wangu alimpenda, naye alitupenda. Najua kwenye karatasi za polisi watu hawaandiki hivyo, lakini ukiniuliza uhusiano, huo ndio uhusiano. Wewe mwenyewe, afande, kwa dini yako ya Kiislamu, ungeletewa pombe ya busaa pale ungekataa, na hakuna mtu angekushika tai.

Jambo la mwisho. Nasikia mkishamshtaki, hata kama kortini ataachiliwa, kanisa lao litamrudisha kwao mapema. Amebakiza miezi michache tu. Nyumbani kwao wanalima viazi, watu ni wachache na kila mtu anajua mambo ya mwenzake. Atafika pale akiwa yule aliyeshikwa Afrika kwa kuua mgonjwa. Mama yake atalibeba hilo maisha yake yote, na sisi tutaendelea kunywa chai.

Na leo ni Jumatatu. Kwao sasa ni asubuhi. Mama huyo yuko mahali fulani na simu mkononi.

Niliyoyaona ni hayo, na niliyoyafanya ni hayo. Sijaongeza kwa sababu ya mapenzi wala sijapunguza kwa sababu ya ukoo, na niko tayari kuyarudia mahali popote nitakapoitwa, nikiwa na nywele au bila nywele.

Sahihi ya shahidi: P. Nekoye

MAELEZO YA AFISA

Haya nimeyaandika mimi, Koplo Nasro Issack, na kumsomea shahidi kwa Kiswahili. Amekiri ni sahihi. Aliomba neno "nilimpenda" lisiondolewe. Halikuondolewa.

Kichupa cha mafuta kilipokewa kama kielelezo. Shahidi alikifungua na kuonja kabla sijamzuia. Hadi wakati wa kuandika haya yu mzima.

Mlalamishi, Zachary Wabwile, aliomba asomewe maelezo haya. Nilipofika pale kijana alipoketi chini kwenye mchanga, aliniambia nirudie hapo. Nilirudia. Baadaye alisema anaondoa malalamishi yake, akatia sahihi. Alisema atamrudisha shemeji yake nyumbani kunyolewa, na vijana wakitaka waje pia, na kwamba Agneta amesema kwa simu ile chupa ya tangawizi bado ina moto.

Vijana wote wawili waliachiliwa saa kumi na moja na nusu jioni. Nilimrudishia Thorsen funguo, kichupa na simu. Simu yake iliita akiwa bado mbele ya meza yangu. Alikuwa mama yake. Walizungumza kwa Kiingereza kwa muda mfupi, kijana akisema tu kwamba alichelewa. Kisha mama akauliza kitu, sauti yake ikisikika hadi kwangu, na kijana akafunika macho kwa mkono.

Shahidi aliniuliza, "Ameuliza lile swali?"

Nilimwambia ndiyo.

Alimtoa kijana simu mkononi, akasema kwa Kiswahili, nami nikatafsiri: "Mama Wanyonyi, bado yuko vile ulimtuma."