Nguzo za Matete Zilizochipua

Jumapili. Mvua imekatika asubuhi, jua limetoka kali, na uani kunafuka mvuke kama jikoni. Mikono yangu imechanika na nimekasirika.

Nieleze kwa utaratibu. Tunaishi Mchafukoge, kwenye jengo la zamani la ghorofa ambalo nyuma yake bado kuna ua wa udongo, kitu adimu upande huu wa mji. Kona moja ni yangu. Nyingine ni ya Mama Urio wa chini, anayeuza vitenge kwa jumla Kariakoo. Yeye amepanda migomba kutoka Kibosho, kwenye kihamba cha mama yake, shamba la ukoo ambalo ndugu walishaliuza. Mbegu nyingine hana pa kuitoa.

Mimi nilipanda matete ya mapambo, yale yenye michirizi myeupe kwenye majani, yazibe jenereta la jirani. Muuza maua alisema hayana usumbufu. Ningekuwa kazini, gazetini, ningemuuliza amejuaje.

Sasa yamefika dirisha la ghorofa ya kwanza. Majani yanakata kama wembe, mashuke yanapukutikia nguo za watu kwenye kamba, na ukiyafyeka leo, keshokutwa yamechomoza tena, yamenyooka, kana kwamba hujafanya kitu.

Hayo nilishayazoea. Kilichonishinda ni cha masika haya.

Mkungu mmoja wa Mama Urio ulizidi uzito, mgomba ukaanza kulala. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kufyeka, nina rundo la matete marefu na manene. Nikampa ayafanye nguzo. Akachagua mabichi.

"Makavu yanavunjika, mwandishi. Mimi migomba nimezaliwa nayo."

Tukayachimbia chini na kuegemeza migomba yote, hata isiyohitaji. Tukapongezana.

Hakuna kati yetu aliyejua kuwa tete bichi likizikwa kwenye udongo wenye maji linatoa mizizi kwenye mafundo yake.

Leo asubuhi nimeitwa kwa sauti iliyofika barabarani. Nguzo zimechipua. Majani ya kijani, michirizi myeupe, katikati ya migomba.

"Njoo uone wanao! Huyu hapa, huyu hapa, na mdogo wao kule!"

"Si ulisema umezaliwa nayo, Mama Urio?"

"Migomba! Siyo haya mashetani yako."

Tungeishia kucheka, lakini mwenye nyumba, Bwana Jayesh, alikuwa pale pale na fundi bomba. Chemba ya maji machafu imeziba. Fundi akaingiza mkono na kuvuta mzizi wangu, mrefu, wenye nywele, unaonuka.

Bwana Jayesh hakupandisha sauti. Alisema Jumamosi anamwaga zege, ua wote.

"Na migomba yangu?"

"Ndizi zipo sokoni, mama."

Mama Urio akaenda kusimama mbele ya migomba yake.

Nikamwomba Bwana Jayesh, hiyo Jumamosi, aje aone kwanza kabla ya kumwaga. Nikaahidi hatakuta tete hata moja.

"Na mizizi?"

"Na mizizi."

"Nitachimbua mwenyewe niangalie," akasema, akaondoka.

Tumeshinda tukichimba. Mizizi imekaa kama tangawizi, ila migumu, sururu inadunda. Kwenye kona yangu angalau napiga ninavyotaka. Kwenye migomba tumechimba kwa vidole, kwa sababu mizizi ya matete imejisokota na ya migomba, na Mama Urio hataki hata mmoja wa kwake ukatike. Tulipong'oa nguzo ya mwisho, ule mgomba wenye mkungu ukalala taratibu ukutani. Akauangalia, akachukua kisu, akaukata mkungu ungali mchanga. Ndizi nyembamba kama vidole vya mtoto. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Sehemu iliyobaki inaingia chini ya chemba. Kesho sitakwenda kazini.

Wakati wa kunawa aliniuliza, "Tukisahau kipande, tutajuaje?"

Nikamwambia ukweli: kitachipua.

Chipukizi moja tu, na Bwana Jayesh atakuwa na haki ya kumwaga zege lake. Kwa hiyo alfajiri narudi pale na sururu, kabla jua halijawa kali, nianze upya kwenye udongo ambao leo nimeapa kuwa utakuwa msafi.