Kifaa Ndani ya Gari Langu

Jumatatu, 2 Februari
Nimepuliza. Kifaa kikalia, gari likawaka. Njiani kikadai pumzi tena, nikapuliza kwenye taa nyekundu, dereva wa basi akinikodolea macho. Mwezi wa nne sasa tangu mahakama ya Upper Marlboro. Nilikikubali ili nisinyang'anywe leseni. Kiti cha abiria kina koti langu tu.

Jumapili, 8 Februari
Nimeegesha mbali na kanisa, nyuma ya duka la matairi. Mama Kerubo, muumini mwenzangu, amekuja kutoka Bladensburg kwa mabasi mawili. Zamani nilikuwa namchukua mimi. Nilimdanganya kwamba gia zimeharibika, na kila Jumapili anaziombea. Aibu tupu.

Mchungaji amenipa kazi. Kuna mswada kwenye bunge la jimbo, Annapolis: anayekamatwa akiendesha amelewa, hata mara ya kwanza, lazima afungiwe kifaa kama changu, gari lisiwake kikinusa pombe. Kanisa litaandika barua ya kuunga mkono. Niwatafsirie wazee mswada huo, niusome Jumapili ijayo, maana nyumbani nilikuwa mwalimu. Nimekubali haraka mno.

Jumatano, 11 Februari
Kwenye tafsiri nimeandika "mlevi". Nimefuta. Siku ya kumzika baba kule nyumbani, nilitazama mazishi kwenye simu, hapa ugenini Beltsville, chumbani. Nikanywa peke yangu. Kisha nikaingia garini kutafuta watu. Polisi ndio niliowapata. Sikugonga mtu. Ningeweza.

Nimeandika "mlevi" tena. Nimeliacha.

Jumapili, 15 Februari
Nimesoma. Mzee mmoja akauliza hicho kifaa kinafanyaje kazi. Mchungaji hakujua. Nikaeleza. Pumzi ndefu, usiwe umetoka kula mkate maana chachu hukidanganya, usipopuliza kinapodai honi inapigwa mpaka mtaa mzima ugeuke. Nilijua mno.

Nikasema ninacho changu, nyuma ya duka la matairi. Nikasema mswada upite. Nikawa wa kwanza kutia sahihi kwenye barua.

Kwenye chai hakuna aliyekuja upande wangu. Mama Kerubo aliondoka mapema, kuwahi basi.

Alhamisi, 19 Februari
Kazini, nyumbani. Simu haijalia.

Jumapili, 22 Februari
Nimeegesha mlangoni. Baada ya ibada nimemkuta Mama Kerubo amesimama kando ya gari.

"Gia zimepona, Mwalimu?"

"Zimepona, Mama."

Nimeondoa koti kitini. Nikapuliza, yeye anatazama mbele. Karibu na Bladensburg kifaa kikadai tena. Kabla sijanyoosha mkono, alikuwa ameshakichukua, ananipa.